Misuli tayari, akili je? Kazi ya mwanasaikolojia kwa wanamichezo nyota

MNAMO Agosti 2004, mwendeshaji baiskeli Chris Hoy wa Uingereza aliketi kando ya uwanja wa mbio za baiskeli jijini Athens, Ugiriki, akisubiri zamu yake. Alikuwa amepangiwa kukimbia wa mwisho katika shindano la kilomita moja dhidi ya saa, fainali ya Michezo ya Olimpiki. Waliomtangulia hawakuwa na huruma. Rekodi ya Olimpiki ilivunjwa, ikavunjwa tena, kisha Mfaransa Arnaud Tournant akaingia na kumaliza kwa dakika 1 na sekunde 0.896. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kushuka chini ya sekunde 61 katika uwanja ulio usawa wa bahari.

Kwa mwanamichezo wa kawaida, hapo ndipo miguu ingeanza kulegea. Hoy alikuwa na dakika chache tu, huku umati ukishangilia muda wa mpinzani wake. Hata hivyo, alipanda baiskeli yake, akatimka na kumaliza kwa dakika 1 na sekunde 0.711. Medali ya dhahabu ikawa yake.

Baadaye Hoy alisimulia kwamba hali hiyo haikumkuta ghafla. Kabla ya mashindano, Dkt Steve Peters, mtaalamu wa maradhi ya akili aliyekuwa akiisaidia timu ya Uingereza ya baiskeli, alikuwa amemwuliza swali moja: Je, utafanyaje iwapo mtu atavunja rekodi ya dunia muda mfupi kabla ya zamu yako? Hoy hakuwa na jibu. Akafundishwa kwamba kila wazo la hofu likimjia, alipishe kwa kuitazama akilini mbio yake mwenyewe, tangu mlio wa kuanzia hadi utepe. Alifanya hivyo mara nyingi mno hata siku ya siku ilipofika, akili yake ilikuwa na mahali pa kwenda.

Kisa hicho kinaonyesha kazi ya mwanasaikolojia wa michezo vizuri kuliko maelezo marefu. Hakumwongezea Hoy nguvu za miguu. Wala hakumwambia asiogope, maana kumwambia mtu aliyeshikwa na hofu asiogope ni sawa na kumwambia mwenye kikohozi asikohoe. Alichofanya ni kuitambua mapema njia ambayo hofu ingepitia, kisha akamjengea mwanamichezo wake kizuizi.

Mashabiki wengi hudhani kwamba mtaalamu huyu ni mhubiri wa kuwatia wachezaji moyo katika chumba cha kubadilishia mavazi, dakika tano kabla ya kipenga. Wengine humwona kuwa daktari wa wenye wazimu, na kwa sababu hiyo mchezaji anayeonekana akiingia katika ofisi yake hunong'onwa. Dhana zote mbili zimepotoka. Kazi hii hufanywa zaidi nje ya msimu wa mashindano, katika vikao vya utulivu vya mtu na mtu, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya kuuliza maswali na kusikiliza.

Katika vikao vya kwanza mtaalamu hutaka kumjua mtu kabla ya kumjua mchezaji. Analala saa ngapi? Nani anamtegemea kwa karo na kodi ya nyumba? Akishindwa, humpigia nani simu kwanza? Kisha huenda uwanjani na kumtazama akifanya mazoezi. Huangalia mabega yake baada ya kosa, jinsi anavyomtazama kocha, na anachofanya katika zile sekunde ambazo mchezo umesimama. Sekunde hizo ndizo zenye habari nyingi.

Baada ya hapo ndipo mafunzo huanza, nayo hufanana sana na mazoezi ya mwili: kidogokidogo, kila siku, bila mbwembwe. Mchezaji hufundishwa kupumua polepole, akirefusha pumzi ya kutoka ili mapigo ya moyo yashuke. Hufundishwa kuchagua maneno machache ya kujiambia mambo yanapokuwa magumu. Mwanariadha anayejiambia "legeza mabega" ana jambo la kufanya. Anayejiambia "usishindwe" amebaki na neno kushindwa tu kichwani.

Ili kuelewa kwa nini mambo hayo madogo yana uzito, ni muhimu kufahamu kinachotokea mwilini. Mtu akihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hudunda kwa kasi, pumzi hufupika, misuli hukaza na viganja hutoa jasho. Mwili haujui tofauti kati ya simba na mkwaju wa penalti. Kwa mnyanyua uzani, msisimko huo waweza kuwa wa manufaa. Kwa mlenga shabaha ambaye mkono wake hautakiwi kutetemeka hata kidogo, ni balaa. Hii ndiyo sababu dawa za kutuliza mapigo ya moyo zimepigwa marufuku katika mchezo wa ulengaji shabaha. Katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka wa 2008, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alipokonywa medali zake mbili, ya fedha na ya shaba, baada ya kupatikana na dawa ya aina hiyo mwilini. Utulivu ambao wengine huutafuta kwa miaka ya mazoezi, kuna waliotaka kuumeza kwa kidonge.

Lakini kuna athari nyingine iliyofichika zaidi. Mchezaji aliyebobea hafikirii anavyofanya. Mwili wake umekwisha kujua. Akipatwa na wasiwasi, akili hutaka kurudi na kuushika usukani, ikaanza kukagua kila kiungo: mguu uko wapi, kiwiko kimekaaje. Hapo ndipo ustadi wa miaka 15 huvurugika kwa sekunde moja. Majaribio yaliyofanywa nchini Marekani na mwanasaikolojia Sian Beilock pamoja na wenzake yalionyesha kwamba wanagofu wazoefu walipotakiwa kuchunguza kila hatua ya pigo lao, walipiga vibaya kuliko walipopewa jambo jingine la kushughulisha akili. Wanaoanza kujifunza walikuwa kinyume: wao walisaidika kwa kuchunguza. Mtu yeyote aliyewahi kuteremka ngazi huku akiwaza ni mguu upi utangulie anaelewa jambo hili bila kuhitaji maabara.

Kwa hivyo mtaalamu humtafutia mchezaji kazi nyepesi ya kuishughulisha akili ili mwili uachiwe ufanye unachokijua. Huu ndio msingi wa zile taratibu ambazo watazamaji huziona kama ushirikina: mchezaji wa tenisi anayedundisha mpira idadi ileile kila mara, au mrusha mkuki anayegusa paji la uso kabla ya kukimbia.

Silaha nyingine kubwa ni taswira ya akilini. Mapema katika karne ya 20, daktari Mmarekani Edmund Jacobson alionyesha kwamba mtu akiwaza kwa makini kuhusu kuukunja mkono, misuli ya mkono huo hutoa umeme kidogo ingawa mkono wenyewe haujasogea. Wanamichezo wa siku hizi hulitumia jambo hilo kwa kuikimbia mbio au kuuogelea mchezo mzima wakiwa wamelala kitandani. Kocha wa mwogeleaji Michael Phelps, Bob Bowman, alimzoesha tangu utotoni kuutazama mchezo wake akilini kila usiku kana kwamba anatazama kanda ya video. Na hakumwacha atazame ushindi pekee. Alimtaka pia aone mambo yakiharibika, na wakati mmoja alimvunjia miwani ya kuogelea kimakusudi kabla ya shindano ili aone atafanyaje.

Miaka mingi ya mazoezi hayo ililipa huko Beijing mwaka wa 2008. Katika fainali ya mita 200 mtindo wa kipepeo, miwani ya Phelps ilijaa maji akawa haoni ukuta wala mstari. Akaanza kuhesabu mipigo ya mikono yake, kwa kuwa alijua ni mingapi inayomfikisha mwisho. Aligusa ukuta kwa dakika 1 na sekunde 52.03, rekodi mpya ya dunia. Ilikuwa mojawapo ya dhahabu zake 8 za mwaka huo.

Nchini Kenya, mfano unaofahamika zaidi ni tabasamu la Eliud Kipchoge. Walioitazama mbio yake ya Monza, Italia, mwaka wa 2017 alipokimbia marathon kwa saa 2 na sekunde 25, na ile ya Vienna, Austria, mwaka wa 2019 alipotumia saa 1:59:40, watakumbuka jinsi alivyokuwa akitabasamu kila maumivu yalipozidi. Wapo waliodhani anawadhihaki wenzake. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba hufanya hivyo ili kujilegeza na kuyasahau maumivu. Mwaka wa 2018, watafiti wakiongozwa na Noel Brick wa Chuo Kikuu cha Ulster waliwapima wakimbiaji 24 wa vilabu na kugundua kwamba walipotabasamu walitumia nguvu kidogo kwa takriban asilimia 2.8 kuliko walipokunja uso. Kiasi hicho ni kidogo machoni pa mtembea kwa miguu. Kwa mtu anayekimbia kilomita 42, si haba hata kidogo.

Pengine hakuna mahali ambapo kazi ya saikolojia imeangaziwa kama kwenye mikwaju ya penalti ya timu ya taifa ya Uingereza. Timu hiyo iliondolewa kwa matuta katika Kombe la Dunia la 1990, Kombe la Ulaya la 1996, Kombe la Dunia la 1998, Ulaya 2004, Kombe la Dunia la 2006 na Ulaya 2012. Katika kipindi hicho chote ilishinda mara moja tu, dhidi ya Uhispania mwaka wa 1996, na siku chache baadaye ikatolewa na Ujerumani kwa njia iyo hiyo. Mchezaji aliyekosa siku hiyo alikuwa beki Gareth Southgate.

Waingereza walizoea kusema kwamba penalti ni bahati nasibu. Maneno hayo yana sumu ndani yake, kwani mchezaji akiamini kwamba jambo ni la bahati, hana haja ya kujiandaa. Mtafiti Geir Jordet wa Norway alitazama upya video za penalti nyingi za mashindano makuu na kuona jambo la ajabu: wachezaji wa Uingereza walikuwa miongoni mwa wale waliopiga haraka zaidi baada ya refa kupuliza kipenga, na wanaopiga kwa haraka hukosa mara nyingi zaidi. Walitaka tu jambo lile liishe. Wahenga walikwisha kunena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Southgate alipokuwa kocha wa timu hiyo, alikataa hadithi ya bahati. Mwishoni mwa 2017 chama cha soka cha Uingereza kilimwajiri mwanasaikolojia Pippa Grange. Wachezaji walianza kuketi katika vikundi vidogo na kuzungumza waziwazi kuhusu hofu zao, jambo ambalo katika vyumba vya wanasoka lilikuwa geni. Penalti zikafanyiwa mazoezi kwa miezi kadhaa, hata wachezaji wakiwa wamechoka, pamoja na ile safari ndefu ya kutembea peke yako kutoka katikati ya uwanja. Wakahimizwa kupumua na kuchagua wenyewe wakati wa kuanza kukimbia. Kipenga huwaruhusu kupiga, hakiwaamuru.

Julai 3, 2018, jijini Moscow, walitoka sare ya 1-1 na Colombia. Jordan Henderson alikosa penalti ya tatu ya Uingereza, na kwa muda ilionekana historia inajirudia. Hata hivyo, Mateus Uribe aligonga mwamba, kipa Jordan Pickford akaupangua mkwaju wa Carlos Bacca, na Eric Dier akafunga wa mwisho. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza wa matuta katika Kombe la Dunia.

Ingekuwa raha kuishia hapo na kusema dawa imepatikana. Miaka mitatu baadaye, katika fainali ya Kombe la Ulaya uwanjani Wembley, timu iyo hiyo chini ya kocha yuyo huyo ilishindwa na Italia kwa penalti 3-2. Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, aliyekuwa na umri wa miaka 19, walikosa, na kabla ya usiku kwisha walikuwa wakitukanwa mitandaoni kwa sababu ya rangi ya ngozi yao. Saikolojia haimwondolei kipa mikono. Inaweza kupunguza makosa yanayotokana na hofu. Haiwezi kuyafuta yote, na mtaalamu anayeahidi medali anastahili kuogopwa.

La muhimu ni kile kilichofuata. Kijana aliyekosa akiwa na umri huo anaweza kuukwepa mkwaju wa penalti maisha yake yote. Saka aliendelea kupiga penalti za klabu yake, na mwaka wa 2024, katika robo fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Uswisi, akatembea tena peke yake hadi kwenye kidoa na kufunga. Uingereza ilishinda 5-3. Mashabiki waliouona uso wake baada ya mpira kuingia waliona kitu kisichopimwa kwa takwimu.

Kuna siku ambazo kazi ya mtaalamu si kumsaidia mwanamichezo ashiriki, bali kumsaidia akubali kutoshiriki. Julai 27, 2021, mwanajimnastiki Simone Biles wa Marekani, bingwa aliyetwaa dhahabu 4 huko Rio mwaka wa 2016, aliruka katika fainali ya timu jijini Tokyo akikusudia kujizungusha mara mbili na nusu hewani. Alijizungusha mara moja na nusu tu na nusura aanguke. Alikuwa amepotelewa na hisia ya mahali mwili wake ulipo angani. Jambo hili huwapata wanajimnastiki mara kwa mara, nalo ni la kutisha: mtu aliye juu hewani, kichwa chini, asiyejua sakafu iko upande gani, anaweza kuvunjika shingo. Biles alijiondoa.

Wapo waliomwita mwoga. Lawama hizo hazikuwa na msingi. Hakuna anayemlaumu mwanariadha kwa kuacha mbio akiwa amechanika msuli, na mtu aliyepoteza mwelekeo hewani ameumia vilevile, ila jeraha lake halionekani kwenye picha ya eksirei. Alirejea siku chache baadaye katika zoezi la boriti na kupata shaba. Kisha akapumzika muda mrefu, akawa akihudhuria vikao vya ushauri nasaha kila juma. Katika Michezo ya Paris mwaka wa 2024, akiwa na umri wa miaka 27, alizungumza na mtaalamu wake asubuhi ya fainali ya timu kabla ya kwenda uwanjani. Aliondoka Ufaransa na dhahabu 3 na fedha 1.

Biles alikuwa na sababu za kutomwamini kirahisi mtu anayelipwa na chama cha mchezo. Yeye ni mmoja wa mamia ya wasichana na wanawake waliodhulumiwa kingono na Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya jimnastiki ya Marekani. Hapa ndipo penye fundo kubwa la taaluma hii. Mwanasaikolojia hulipwa na klabu au shirikisho, lakini anayemfungulia moyo ni mchezaji. Kocha akija kuuliza, "Yule mtoto yuko sawa? Nimpange Jumamosi?" ajibu nini?

Kanuni za taaluma hiyo ni bayana: yanayosemwa ndani ya chumba hubaki ndani ya chumba, isipokuwa maisha ya mtu yamo hatarini au mtoto anadhulumiwa. Wataalamu wenye busara hulieleza jambo hilo kwa kocha, kwa wasimamizi na kwa mchezaji siku ya kwanza, kabla ya siri yoyote kutolewa. Siri moja tu ikivuja, timu nzima hufunga mdomo, na mtaalamu hana kazi tena hata kama mshahara wake unaendelea kulipwa.

Uhasama kati ya makocha na wataalamu wa akili si wa leo. Mwaka wa 1898 mwanasaikolojia Norman Triplett wa Marekani alikwisha kuchunguza kwa nini waendesha baiskeli huenda kasi zaidi wakishindana na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Mnamo 1925 Coleman Griffith alianzisha maabara ya michezo katika Chuo Kikuu cha Illinois, na mwaka wa 1938 mwenye klabu ya besiboli ya Chicago Cubs akamwajiri awachunguze wachezaji wake. Meneja wa timu hakutaka hata kumwona. Ushauri wake ulipuuzwa na mpango wote ukafifia. Ilichukua miongo kadhaa kabla ya taaluma hiyo kuaminika.

Kwa upande wa Kenya, mtu anaweza kuuliza: mbona mabingwa wetu wameshinda miaka yote hii bila mwanasaikolojia? Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba sehemu ya kazi yake imekuwa ikifanywa na watu wengine bila jina hilo. Katika kambi za Iten na Kaptagat, wanariadha huamka pamoja alfajiri, hukimbia pamoja, hupika kwa zamu na kunywa chai pamoja. Anayeanza kuvunjika moyo huonekana siku hiyo hiyo. Ndugu Colm O'Connell, mwalimu kutoka Ireland aliyefika katika shule ya St Patrick's Iten mwaka wa 1976 bila mafunzo yoyote ya ukocha wa riadha, aliwalea mabingwa akiwemo David Rudisha kwa kuwafahamu kwanza kama vijana. Mchungaji, mwalimu na mzee wa kijiji nao wamebeba mengi.

Hata hivyo, kambi ina mipaka yake. Mzigo wa matarajio ya taifa, kwa mfano, huwalemea wote kwa pamoja. Katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, wanaume wa Kenya walishinda dhahabu katika kila Michezo ya Olimpiki waliyoshiriki kuanzia 1968 hadi 2016. Kijana aliyesimama kwenye mstari wa kuanzia jijini Tokyo mwaka wa 2021 alikuwa akishindana na wapinzani pamoja na nusu karne ya historia. Soufiane El Bakkali wa Morocco, ambaye hakuwa na mzigo huo, ndiye aliyeukata mnyororo.

Isitoshe, kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema mbele ya wenzake wanaowania nafasi ile ile. Kelvin Kiptum na kocha wake Gervais Hakizimana walipofariki katika ajali ya barabarani Februari 2024, watu mitandaoni walimhusisha Kipchoge na kifo hicho bila ushahidi wowote. Baadaye mwaka huo Kipchoge alieleza jinsi alivyotukanwa na kutishiwa, na jinsi alivyoihofia familia yake. Alimaliza wa 10 katika Tokyo Marathon mwezi Machi, na Agosti akajiondoa njiani katika marathon ya Olimpiki ya Paris. Hakuna ajuaye ni kiasi gani cha hayo kilitokana na umri, na ni kiasi gani kilitokana na usiku wa kukosa usingizi.

Pesa nazo huja na mitihani yake. Chipukizi aliyekuwa akiomba nauli mwaka jana hujikuta na mamilioni benki, na pamoja nayo jamaa asiowafahamu, washauri wa ardhi na marafiki wa baa. Samuel Wanjiru alikuwa na umri wa miaka 21 alipoiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika marathon, mwaka wa 2008. Aliaga dunia Mei 2011 baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu, baada ya miezi ya mivutano ya kifamilia iliyoanikwa magazetini. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Mwaka wa 2014 Bunge lilipitisha sheria ya kuwasajili washauri nasaha na wanasaikolojia, hivyo anayetafuta msaada ana haki ya kuuliza iwapo mtu aliye mbele yake amesajiliwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki nayo imetayarisha mwongozo wa kuwasaidia madaktari wa timu kutambua dalili za mapema kwa maswali mafupi, na katika kijiji cha wanamichezo cha Paris 2024 ilitenga mahali pa kutuliza akili. Dalili zenyewe si za kutafuta kwa darubini: usingizi unaopotea, chakula kisicholiwa, hasira za ghafla, mazoezi yanayokwepwa, jeraha lisilopona ilhali madaktari hawaoni kitu.

Lugha nayo si jambo dogo. Mwanariadha anayehojiwa kwa Kiingereza baada ya mbio hujibu kwa sentensi tatu alizozikariri, akamshukuru Mungu na kocha, akaondoka. Huzuni yake imo katika Kikalenjin au Kiswahili. Mtaalamu asiyeielewa lugha hiyo atasikia maneno lakini hatamsikia mtu.

Na wakati mwingine kinachosikika si hofu ya mashindano hata kidogo. Septemba 12, 2021, Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani kwa mbio za wanawake pekee huko Herzogenaurach, Ujerumani, kwa dakika 30 na sekunde 1. Mwezi mmoja baadaye, Oktoba 13, alipatikana ameuawa kwa kudungwa kisu nyumbani kwake Iten. Alikuwa na umri wa miaka 25. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa amekimbia marathon ya Paris majuma machache awali, alifariki katika hospitali mjini Eldoret baada ya aliyekuwa mpenzi wake kumchoma kwa petroli nyumbani kwake katika Kaunti ya Trans Nzoia. Saa ya kupimia muda haikuwa imeonyesha lolote kwa yeyote kati yao.

Baada ya kifo cha Tirop, wanariadha wenzake, akiwemo Viola Cheptoo, waliunda kundi la Tirop's Angels ili wanawake wanaoteswa nyumbani wapate mtu wa kumwambia kabla hawajachelewa. Novemba 7 mwaka huo, siku 25 baada ya mauaji hayo, Cheptoo alishiriki marathon kwa mara ya kwanza maishani mwake, katika barabara za New York. Alimaliza wa pili.